Shene 800 kwa dola 5, na Muzee hajaona habari

SWALI: Jambo Yaya. Niko huku Kadutu, Bukavu. Kijana mumoja aliniuzia faili ya shene 800 za tele ya intaneti kwa dola 5, akaniwekea kwa ordinatere, wiki ya kwanza mambo sawa kabisa, habari, mipira, yote. Sasa karibu zote zimekuwa nyeusi, zingine zinazunguka tu. Nikimupigia haitike. Muzee kila magaribi ananiuliza habari ziko wapi. Shene za bure za kweli zinapatikana wapi, na juu ya nini mega zinaisha mbio hivi?

JIBU: Pole mudogo wangu. Kwanza fungua ile faili na Bloc-notes, ile programu ya kuandikia ya Windows. Juu kabisa utaona #EXTM3U, kisha kila shene iko na mistari miwili, mumoja unaanza na #EXTINF na jina la shene, chini yake liyen, ni kusema anwani ya shene kwa intaneti. Basi, ni hiyo tu, hakuna hata picha moja ndani. Ni karatasi ya namba za simu, mwenye namba akibadilisha unabaki unapiga kwa hewa. Ulinunua karatasi. Na zile za mipira ya kulipia zilikuwa za kuiba, wenyewe wakishtuka wanafunga, hata ungetoa dola 50 zingekufa vilevile.

Za bure ziko. Tafuta iptv-org kwenye tovuti ya GitHub, kule watu wanakusanya liyen zilizo wazi kwa intaneti, zimepangwa kwa inchi na kwa lugha, haulipi kitu. Hata pale zingine utakuta zimekufa ao zimefungiwa inchi fulani, usikasirike. Nakili liyen ya liste ya Kifaransa, ingia VLC, programu ya kuchezesha video, bonyeza Ctrl na N, bandika, ngoja zipangike.

Lakini usimupe Muzee zote! Mimi niliwekeaga mama mukwe liste nzima, jioni ya kwanza alipotelea kwa shene ya mapishi ya lugha hata yeye haijui, akaniita nimutoe. Jaribu moja moja, chagua tano zinazofunguka, chukua mistari yao miwili miwili uiweke kwa Bloc-notes mpya, juu kabisa andika #EXTM3U. Wakati wa kuhifadhi ita muzee.m3u na uchague « Tous les fichiers », bila hivyo itakuwa muzee.m3u.txt na ukibonyeza itakufungulia maandishi tena badala ya tele.

Sasa mega. Video ikikimbia megabiti 1 kwa segonde, saa moja imekula mega 450, juu megabiti 8 ndiyo mega 1. Ikiwa megabiti 3, umeshapita giga 1 na Muzee bado hajamaliza chai. Liyen nyingi za shene, zile zinaisha na .m3u8, ziko na ngazi kadhaa za ubora, rezo ikiwa nzuri picha inapanda yenyewe bila kukuuliza, njo pale forfe inayeyuka. Kwa hiyo siku mega ni kidogo acha liste, France 24, DW na Al Jazeera ziko direkte bure kwa YouTube, pale unashusha ubora wa picha mwenyewe hadi 240p, mutangazaji anaonekana vizuri tu, hatuendi kuhesabu ndevu zake.

Leo jioni anza na France 24 ya Kifaransa, zingine utaongeza pole pole. Na ile ya dola 5 uifute, Muzee asije akaibonyeza.