Fundi Amesema Niweke i7: Je, Prosesa Ndiyo Inayochelewesha Kompyuta Yangu?

Swali: Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-4570, RAM ya GB 8 na diski kuu ya TB 1, ile ya kuzunguka, iliyokuja nayo. Nikiiwasha hupita kama dakika nne kabla haijatulia, na nikifungua kivinjari pamoja na hati mbili tatu inaganda. Fundi ameniambia kwamba prosesa imezeeka, niweke i7-4790, na kwamba kasi itakuwa maradufu. Je, nikubali?

Jibu: Usikubali kabla hujaipima kompyuta hiyo wakati inapokusumbua. Inapoganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha usome safu tatu: ya prosesa, ya kumbukumbu na ya diski. Kwa maelezo uliyonipa, nitashangaa ikiwa diski haitaonyesha asilimia 100 huku prosesa ikiwa kwenye 15 au 20 tu. Swali hili hunijia karibu kila wiki, na karibu kila mara muulizaji ameshaambiwa kwamba prosesa imezeeka na mtu ambaye hakupima chochote.

Prosesa haichakai kama tairi. Hiyo i5-4570 iliyotoka mwaka 2013, ikiwa haipati joto kupita kiasi, inapiga hesabu leo kwa kasi ile ile ya siku ya kwanza. Kilichoongezeka ni uzito wa programu, na anayeulipia uzito huo kwanza ni diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia takriban milisekunde 8.3 kukamilisha mzunguko mmoja, kwa hiyo kichwa cha kusomea husubiri kwa wastani milisekunde 4 hivi ili data inayotakiwa ifike chini yake, na hapo hatujahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Katika milisekunde hizo 4, prosesa yako inayofika gigahezi 3.6, yaani mapigo bilioni 3.6 kwa sekunde, imeshapiga mapigo zaidi ya milioni 14, na kazi iliyoomba data hiyo bado inasubiri. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vya mafaili vilivyotawanyika diski nzima, na kila kimoja kina kungoja kwake. Kuweka prosesa nyingine hapo ni kuajiri mwashi mwepesi zaidi ilhali anayemletea matofali ni yule yule mwenye toroli bovu.

Tuitazame na hiyo ahadi ya maradufu. Prosesa zote mbili ni za kizazi cha nne na zina muundo mmoja wa ndani na viini 4, yaani sehemu nne za kufanyia hesabu. Yako inafika gigahezi 3.6 na i7-4790 inafika 4.0, yaani tofauti ya takriban asilimia 11 kwa kazi inayotumia kiini kimoja. Kweli i7 ina nyuzi 8 badala ya 4, yaani foleni za kazi ambazo viini hushughulikia kwa wakati mmoja, lakini nyuzi mbili zinazogawana kiini kimoja si sawa na viini viwili. Faida yake utaiona unapobana mafaili makubwa au unapotengeneza video, si unapofungua hati. Tena baadhi ya bodi mama za mwaka 2013 haziitambui i7-4790 mpaka BIOS, programu ya msingi inayoiwasha bodi, isasishwe, jambo ambalo wengi hulijua baada ya kioo kubaki cheusi.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba "i7" ni cheo, na kwamba aliye nayo amemzidi mwenye i5 popote duniani. Herufi hiyo na namba moja hazikuambii lolote bila kizazi. Core i3-12100 ya mwaka 2022, ambayo wauzaji wa majina wangeidharau, ina viini 4 na nyuzi 8 na inaiacha i7-4790 mbali sana. Gigahezi nazo hudanganya vivyo hivyo: Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na miaka miwili baadaye Core 2 Duo E6600 ya gigahezi 2.4 ikaishinda bila taabu, kwa sababu ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo.

Katika hali yako ningeanza na SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya SATA inayochomekwa kama diski yako ya sasa, kisha RAM ifike GB 16 ikiwa safu ya kumbukumbu inakaribia kujaa. SSD utahama nayo siku utakapobadilisha kompyuta. RAM yako ni ya DDR3, aina ya zamani, haitaingia kwenye bodi mpya, kwa hiyo usiitumilie fedha nyingi. Prosesa ya i7-4790 nayo ingebaki imefungwa kwenye soketi ya LGA1150 ambayo haina pa kwenda tena, na isingekupa hata Windows 11, kwa kuwa orodha ya prosesa za Intel zinazokubaliwa huanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za nyuma yake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, nalo ni jambo la kuliwazia kabla ya kuinunulia bodi hiyo kitu kingine chochote.

Sisemi kwamba prosesa haibadilishwi kamwe. Mwenye bodi yenye soketi ya AM4 na prosesa ya Ryzen ya kampuni ya AMD ya mwaka 2017 anaweza, kwenye bodi nyingi, kusasisha BIOS huku prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kisha akaweka Ryzen ya mfululizo wa 5000 na kupata kompyuta nyingine kabisa. Lakini hata yeye apime kwanza, na apime kiini kwa kiini: kwenye prosesa ya viini 4 isiyo na nyuzi za ziada, asilimia 25 kwa jumla inaweza kuwa kiini kimoja kilichozidiwa huku vingine vitatu vimekaa bure, na hapo wingi wa nyuzi hautamsaidia.

Jihadhari pia na wanaouza njia za mkato. Programu zinazodai kusafisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na kuongeza kasi mara kadhaa hazigeuzi diski ya kuzunguka kuwa SSD, na nyingi hujiongeza zenyewe kwenye orodha ya vinavyowaka pamoja na Windows. Kuna na wanaopachika prosesa kwa haraka. Nililetewa kompyuta "iliyopandishwa" kuwa i7 ambayo ilikuwa nzito kuliko awali. Nilipoifungua, mguu mmoja kati ya minne ya feni haukuwa umeshika kwenye bodi, pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imegusa upande mmoja tu wa kifuniko chake, na prosesa ilikuwa ikifika nyuzi joto 100 na kujipunguzia kasi ili isiungue. Nyingine ilikuja na mwenye kompyuta akiwa ameshalipia i7-4790. Nilifungua Task Manager mbele yake, tukasoma pamoja jina la prosesa juu ya grafu: i5-4570.