IP imeingia blakilisti na hujatuma spamu? Anza na seva yako
Mkuu, unasema imeili zenu zinarudi na kosa 550 (yaani zimekataliwa) kisa IP, namba ya seva yenu mtandaoni, iko blakilisti (orodha ya IP zinazoshukiwa kutuma imeili taka), na spamu hujawahi kutuma hata moja. Pole, ila usianze kuwatukana wenye blakilisti. Mimi niliapa hivyohivyo, kumbe fomu ya mawasiliano kwenye saiti ilishadukuliwa, usiku inamwaga meseji balaa. Cheki logi (kumbukumbu za seva), badili paswadi, ndo uombe kutolewa, Spamhaus, moja ya wenye blakilisti hizo, hawatozi hela kwa hilo. Kama IP mnashea na wateja wengine wa hosti (kampuni inayowapa seva), hapo kweli unaonewa, unalipa deni la jirani, mbane mwenye seva maana IP ni zake. Halafu anayekataa imeili ni seva ya mpokeaji, blakilisti inatoa taarifa tu, kwa hiyo mwombe admini wa huko akupitishe kwa muda.