Herufi Tano, Iwe na Q, Isiwe na U: Nilivyojifunza Maneno ya Scrabble

Mashindano yangu ya kwanza ya Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza ubaoni kwa kete za herufi, niliyamaliza nikiwa nimeikalia Q. U zote nne, ambazo Q huzihitaji katika maneno mengi, zilikuwa zimeshatoka, nami kwenye kibao nimebakiwa na kete nne: Q, T, A na A. Nilizigeuza huku na huku mpaka mwenzangu akamaliza zake. Kete zangu zikahesabiwa mara mbili na kuongezwa kwake, pointi 26, na 20 kati ya hizo ni za Q peke yake. Nilishindwa kwa pointi 11.

Tulipokuwa tukirudisha kete mfukoni, yule mzee aliyenishinda akanionyesha L iliyokuwa imesimama peke yake chini ya ubao, upande wa kulia. Akaziweka kete zangu pande zake mbili: TALAQ. "Kijana, wewe si mtu wa Mombasa?" akaniuliza. "Talaka huijui?"

Swali lile ndilo lililobadilisha namna ninavyojifunza, na ndilo ninalotaka kukupa wewe unayeanza.

Kabla ya siku ile nilifanya kama wengi wafanyavyo. Niliingia intaneti, nikatafuta maneno ya Kiingereza yenye Q, nikanakili mamia kwenye daftari na kuyakariri kwa mpangilio wa alfabeti. Baada ya mwezi nilikumbuka yale ya mwanzo tu. Isitoshe, orodha ile ilikuwa mchanganyiko. Wachezaji wa Marekani na Kanada wana orodha yao ya maneno, na sehemu kubwa ya dunia, sisi Afrika Mashariki tukiwemo, tunacheza kwa ile ya kamusi ya Collins. CH na ZO, kwa mfano, zinakubalika kwenye Collins lakini kule hazikubaliki. Kwa hiyo ukikutana na orodha yoyote, uliza kwanza ni ya kamusi gani, kisha ndipo ufungue daftari.

Anza na maneno ya herufi mbili. Kwenye Collins yapo zaidi ya 120, na hakuna hata moja lenye V. Wiki mbili tatu zinatosha. Bila hayo huwezi kulaza neno ubavuni mwa neno jingine, na pointi nyingi za Scrabble hutoka hapo hapo. QI, ambalo asili yake ni Kichina, likikaa vizuri, Q ikiwa juu ya mraba unaozidisha pointi za herufi mara tatu na kusomwa pande mbili, ni pointi 62 kwa kete mbili.

Halafu njoo kwenye Q yenyewe. Kiingereza cha kale hakikuwa na mazoea ya "qu". Malkia aliandikwa "cwen". Ni baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 ndipo waandishi walipoleta tahajia ya Kifaransa. Tangu hapo Q na U hazitengani, ila kwenye maneno ya wageni. Basi ukiona Q bila U, jiulize neno limetoka wapi. Mara nyingi sana jibu ni Kiarabu, kwenye herufi qaf. Na qaf hiyo hiyo ndiyo iliyoingia Kiswahili ikawa K.

Hapa ndipo mtu wa pwani anapokuwa na mali asiyoijua. Kadhi ni QADI. Wakfu ni WAQF. Kibla ni QIBLA, nikabu ni NIQAB, tarika ni TARIQA. Soko letu asili yake ni SUQ, herufi tatu. Fukara wetu ni wingi wa FAQIR kwa Kiarabu. Maneno niliyokuwa nikiyasikia nyumbani, msikitini na mahakama ya kadhi, nilikuwa nikiyakariri kama ya kigeni kabisa! Tangu nilipoyaona kwa jicho hili sijalisahau hata moja.

Lakini usichukue kila K ukaigeuza Q. Kiarabu kina kaf pia, na hiyo hubaki K: MALIK, yaani mfalme, haliandikwi kwa Q. Ukiweza, muulize mtu aliyesoma chuoni, yaani madrasa, kama neno lina qaf au kaf. Kiingereza nacho kina fujo yake: kadhi yule yule Collins inamkubali kama QADI, QAZI, KADI na CADI. Kwetu wachezaji hiyo ni neema.

Njia hii hii inafaa kwa Z na J: ZAKAT, HAFIZ, HIJAB, HAJJ, MASJID.

Kuna na maneno yaliyotoka kwetu moja kwa moja. Ukijaziwa vokali usilie, mkumbuke Nyerere: UJAMAA inaondoa A tatu na U moja, na J inakulipa 8. UHURU inakutoa kwenye U tatu kwa mpigo. MZEE ni pointi 15 kabla hujagusa mraba wowote wa rangi, ile inayozidisha pointi. Nafurahi kila ninapoyaweka maneno haya mezani mbele ya mgeni, na sioni haya kusema hivyo.

Usidharau maneno ya herufi tano kwa kukimbilia ya saba. Ni kweli kumaliza kete saba kwa mara moja ni pointi 50 za nyongeza. Ila Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, mwaka 2015 kule Perth, Australia, aliweka FELTY kwenye mchezo wa mwisho akapata pointi 36. Herufi tano tu.

Ukifika kwenye saba, shika shina moja ulizoee. Mimi nilianza na RETINA. Ongeza C upate CERTAIN, G upate GRANITE, K upate KERATIN, P upate PAINTER. Kila siku herufi moja. Programu ya Zyzzyva itakusaidia: unaitajia urefu wa neno, herufi unazotaka na usizotaka, nayo inakupa yote. Ila usiiombe maneno 500 kwa siku. Omba ya herufi nne, yenye Q, yasiyo na U, kaa nayo jioni nzima, na kila neno litafutie maana. Neno lisilo na maana kichwani huponyoka saa inapokubana, na saa itakubana.

Na Q ikikujia, usiikalie kama nilivyoikalia mimi. Hesabu U zilizotoka. Kama QI inakupa pointi 20 na zaidi, cheza sasa. Kama haiwezekani na mfukoni bado kuna kete saba au zaidi, tazama ubaoni kama kuna A au L iliyo wazi, na usipoona njia, ibadilishe. Zikipungua saba, kanuni haikuruhusu tena kubadilisha. Utakuwa nayo mpaka mwisho.