Muulize Fundi: Koti la jeshi lina jina la mtu mfukoni

SWALI: Fundi habari. Mi nauza mitumba hapa Moshi, juzi kwenye belo la makoti nimekutana na kikoti chekundu kifupi kinaishia kiunoni, vifungo vya rangi ya dhahabu vina nembo, kugeuza mfuko wa ndani nakuta lebo ya fundi wa London na jina la mtu na tarehe imeandikwa kwa kalamu. Wenzangu wanasema feki, eti sare ya jeshi haiwezi kuwa na lebo ya fundi wa mtaani, mwingine anasema ni la mhudumu wa hoteli. Ni la jeshi kweli? Nikilivaa kuna shida?

JIBU: Salama dada yangu. Hiyo lebo wanayoitilia shaka ndo inanifanya niamini ni la kweli. Uingereza askari wa kawaida anapewa sare stoo, anachagua saizi basi, ila ofisa kwa desturi ya miaka mingi vazi la sherehe anajitafutia mwenyewe, anaenda kwa fundi anapimwa kifua, bega, mkono kama bwana harusi. Hicho kikoti ni cha chakula cha usiku mesini, yaani ukumbi wa kulia wa maofisa, na huyo wa mhudumu wa hoteli simlaumu, vinafanana mno. Sasa fundi ana makoti mekundu kibao mezani, asipoandika jina la mteja mfukoni atayajuaje?

Pasua bitana kidogo ubavuni uone. Ukikuta kitambaa cha ziada kimekunjwa ndani, huyo alikuwa fundi haswa, maana ofisa ananenepa na koti ni lile lile, kwa hiyo anaachiwa nafasi ya kupanua. Hata mimi suti za wazee nafanya hivyo.

Pale London wapo Gieves & Hawkes, Savile Row namba 1. Hawkes alianza 1771 akishonea jeshi la nchi kavu, Gieves wao walikuwa wa wanamaji toka 1785, wakaungana 1974. Na si bei ya mchezo, seti mpya inapita pauni 1,000 kirahisi ndo maana vijana wengi wananunua iliyovaliwa na mwingine. Marekani nako ofisa anajinunulia sare, serikali inampa dola 400 za kuanzia, mara moja tu, wakati askari wa chini anapewa hela ya nguo kila mwaka. Ofisa mkubwa ndo anajitegemea, we ona!

Kuvaa tofauti na askari wa kawaida kuliwahi kuwaponza pia. Vita ya Kwanza ya Dunia maofisa wa Uingereza walikuwa na cheo kwenye pindo la mkono wa koti, wadunguaji wa Kijerumani wakawa wanawatambua kirahisi, wengine wakawaambia mafundi wao wakihamishie begani.

Kuvaa, hapana. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi wayasalimishe, sasa we unataka ubishane na MP, polisi wa jeshi, sokoni kwamba hili ni la Mwingereza? Kabla hujalitundika pitia kituo cha polisi uulize. Ukitaka kikoti cha mkato huo cha harusi njoo na kitambaa chako nakushonea, ila nembo na vyeo siweki.