Brunetti hasomwi mbio mbio

Donna Leon anaandika hadithi za upelelezi za mji wa Venice, Italia, na kitabu chake cha kwanza nilichoshika nilikitupa kwenye ukurasa wa themanini hivi. Mi nimekulia kwenye Willy Gamba wa Elvis Musiba, kule mtu akifa ukijiweka sawa tu kuna ngumi, bastola na ndege ya kwenda nchi jirani, sasa dada yangu kaniletea hiki kasema nacho cha upelelezi, nikakaa mkao wa kula. Maiti ikapatikana vizuri tu. Alafu yule polisi, Guido Brunetti, ilipofika mchana akajiendea zake nyumbani kula! Ikaja tambi, ikaja samaki, divai kidogo, mkewe anabishana naye mambo ya siasa, binti naye ana lake, na mi nimeshika kitabu nasema we baba kule kuna mtu kauawa ujue.

Nilikuja kukirudia baada ya mwaka, nimeteguka kifundo cha mguu, umeme wenyewe wa kukatika katika, na nyumbani hamna kingine ambacho sijasoma. Ndo nikaelewa kwamba nilikuwa naruka penye utamu. Kile chakula cha mchana ndo ofisi yake. Mkewe Paola anafundisha fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, anampenda Henry James, mwandishi wa riwaya wa zamani, kuliko inavyostahili (maoni yangu), na ni mtoto wa Count Falier (Count ni cheo cha kikabaila), ukoo wa zamani wenye hela na jumba. Brunetti mwenyewe katokea familia ya kimaskini, baba yake alirudi kutoka vitani akiwa mtu aliyeharibika. Kwahiyo akitaka kujua tajiri fulani ana siri gani hapigi mtu makofi, anamuuliza baba mkwe. Au anamuuliza mkewe, au mzee anayekunywa naye kahawa. Venice ya kwenye hivi vitabu umbea ndo ushahidi, wazawa wachache, kila mtu anajua bibi yako alikuwa nani, na ukisharuka hayo maongezi mwisho wa kitabu hutaelewa kajuaje.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, ukianza hii sirizi acha kukimbilia muuaji ni nani. Mara nyingine utamjua mapema tu na bado hatafungwa, maana ana mjomba mkubwa serikalini au karatasi zimepotea. Dada yangu inamkera sana hii, mi sikushangaa hata kidogo.

Pili, anza na cha kwanza, Death at La Fenice cha mwaka 1992, kondakta wa muziki anakutwa kafa kwa sumu ya sayanaidi kwenye kahawa katikati ya onyesho la opera. Sio lazima ufuate mpangilio wote ila hicho kisome mapema, maana mwimbaji Flavia Petrelli aliyemo humo anarudi kwenye cha tano, Acqua Alta, na ukimkuta huko bila kumjua unapoteza nusu. Pia ile La Fenice, jumba la opera la Venice, unayoisoma humo ni ya zamani, jengo liliungua Januari 1996 likaja kufunguliwa tena mwishoni mwa 2003. Uvumilie tu kwamba Signorina Elettra hayupo bado, anaingia kwenye cha tatu, sekretari anayeagiza maua kwa hela ya ofisi na anaingia kwenye kompyuta za benki kama anafungua friji. Akishafika yeye utakaa. Bosi wao Patta, anayeogopa wakubwa kuliko majambazi, utamzoea mwenyewe.

Sasa hili la majina lisikilize kwa makini maana limenila hela. Vitabu vya mwanzo vina jina moja Uingereza na jingine Marekani. Mi nilinunua A Venetian Reckoning kwenye meza ya vitabu vya mtumba mjini, nikakimaliza, miezi kadhaa baadae nikaona Death and Judgment, jalada jingine kabisa, nikashangilia, nikalipa bila hata kubageni. Nimefika nyumbani nasoma kurasa mbili, hee, kitabu ni kile kile! The Anonymous Venetian nacho ni hicho hicho Dressed for Death. Angalia orodha kwenye simu kabla ya kutoa hela.

Ramani nayo fungua, inasaidia kuliko kamusi. Sehemu ya zamani ya Venice ina mitaa mikubwa sita, San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce, na namba za nyumba zinahesabiwa kwa mtaa mzima sio kwa kichochoro, ndo maana unakuta nyumba namba elfu tatu na kitu. Gari hamna, polisi wanaenda kwa boti au kwa miguu, raia anapanda vaporetto, yaani boti ya abiria kama daladala. Maneno ya Kiitaliano yakikujia yapite tu, calle ni kichochoro, campo ni uwanja, mengine utayashika. Ukisikia ving'ora na watu wanavaa buti ndefu ujue maji yanapanda, na sio chumvi ya mwandishi, Novemba 2019 yalifika sentimita 187, na 1966 yalifika 194. Tangu Oktoba 2020 wana mageti baharini ya kuzuia, kwahiyo zile buti za vitabu vya zamani zizingatie mwaka.

Kama bado unadhani ni hadithi za wazee wanaokula tu, tafuta Fatal Remedies. Usiku simu inalia, kuna mtu kakamatwa kwa kuvunja kioo cha wakala wa safari kwa jiwe, na huyo mtu ni Paola, mke wa polisi, kavunja makusudi kisa ile ofisi inawauzia wanaume safari za kwenda nje kufanya ngono na watoto. Humo chakula cha mchana hakiliki kabisa, meza ni ile ile ila imenuna.

Usisome vitatu mfululizo, utaanza kuona mishono. Mi nasoma kimoja alafu napumzika na kitu kingine, vipo zaidi ya thelathini, hamna haraka. Na usisome na njaa, nilishawahi kujaribu risotto, ule wali wa Kiitaliano, kwa mchele wa Kyela, likatoka bokoboko lisilo na nyama, watoto wakaniuliza nani anaumwa. Sasa hivi niko cha kumi na mbili, dada kashanipita na juzi kaanza kuniambia nani atakufa, nimemkatia simu.