Undugu upi, kwanza?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama undugu unaohubiriwa na dini una nafasi katika uongozi wa umma. Mimi ni Mkatoliki wa hapa Malindi, na jibu lililonijia kwanza ni kwamba undugu huko umeshajaa hadi unamwagika. Simama penye dirisha lolote la karani, utamsikia aliye nyuma yako akinong'ona, "Una mtu wako mle ndani?" Huo ndio undugu wetu wa umma. Yule wa kwetu, yule wa jumuiya yetu, yule tuliyesali naye Jumapili.

Simnyoshei mtu kidole. Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye kamati ya basari, zile fedha za umma za kulipia watoto karo. Zilibaki nafasi mbili na majina matatu: watoto wawili wa kigango chetu cha kanisa, na binti wa mvuvi Mwislamu wa Shela ambaye chombo chake kilikuwa kimevunjika. Shida ya yule binti ilikuwa kubwa kuliko ya wenzake. Fomu ilionyesha wazi. Dini haikutajwa na yeyote. Tuliulizana tu, "Huyu nani anamjua?" Wawili wakajulikana, wa tatu akakosa wa kumsemea. Nami nilinyoosha mkono. Kisha chai ikaletwa.

Ndiyo maana waraka wa Fratelli tutti, yaani "Ndugu wote", ulinichoma. Papa Fransisko alitia sahihi waraka huo Assisi, tarehe 3 Oktoba 2020, na ndani yake anasema alitiwa moyo na Imamu Mkuu wa Al-Azhar ya Misri, Ahmad al-Tayyeb, ambaye pamoja naye alitia sahihi hati ya udugu wa kibinadamu huko Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019. Parokiani picha ya wazee wale wawili tuliipenda sana. Kusoma, tulisoma wachache.

Sura nzima ya pili ni Msamaria Mwema. Mwanasheria anamuuliza Yesu, "Jirani yangu ni nani?" Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, maana ni lile swali letu la kwenye kamati. Yesu naye analigeuza: kati ya wale watatu waliopita njiani, nani aliyekuwa jirani yake aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Msamaria, mgeni aliyesimama kumsaidia, hakuuliza yule majeruhi ni mtoto wa nani.

Sura ya tano inaingia kwenye siasa zenyewe. Papa anasema kumvusha mzee mto ni upendo, na mwanasiasa anayejenga daraja naye anatenda upendo. Huku kwetu mfano huo hauhitaji mfasiri. Mwishoni mwa 2023, mto Tana ulipofurika na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika, maji hayakuchagua basi la nani. Ila daraja lina utepe wa kukatwa na kamera za kutosha, kwa hiyo wa kulijenga hakosekani. Orodha ya basari haina utepe.

Wengine watasema tunachohitaji ni mazungumzo zaidi kati ya dini. Sibishi, lakini adabu hiyo haijawahi kutupungukia. Mwaka 1542 mmisionari Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea India, na katika barua yake anasimulia jinsi Mwislamu mmoja wa mji alivyomuuliza kama Wakristo huenda kanisani, kwa kuwa misikiti ya hapa ilikuwa 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Unaona watu walivyozungumza? Leo pia tunaalikana futari, tunazikana, tunapelekeana sahani. Kisha tunaingia ofisini na kila mmoja anatafuta wake.

Rafiki yangu wa kwaya aliniuliza, "Na wao wangetupa sisi?" Pengine wasingetupa. Lakini fedha zile hazikuwa zetu wala zao. Zilikuwa kodi, na mvuvi naye hulipa kila anunuapo mafuta ya mashine.

Mwaka uliofuata nilipendekeza fomu zifunikwe majina, kamati isome shida na namba tu. Walinisikiliza kwa heshima zote. Mwenyekiti akavua miwani, akaniangalia kwa huruma.

"Sasa mwalimu," akasema, "tutajuaje nani ni nani?"