Re: Oto inachelewa kushika D, mlimani inanguruma tu

Habari mkuu. Umesema Toyota Noah yako ya 2002, ya gia za oto (zinazojibadilisha zenyewe), ukiweka D (gia ya kwenda mbele) inakaa sekunde tatu nne ndiyo inashtuka, na ukipanda mlima wa Bugando pale Mwanza na familia injini inanguruma lakini gari haiendi. Yangu ilianza hivyohivyo, na fundi wa kwanza akataka tununue gia boksi ya mtumba siku ileile. Usikubali haraka.

Anza na hidroliki, yaani mafuta ya gia boksi. Zunguka hadi ipate moto, simama sehemu tambarare, injini ikiwa silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) pitisha gia zote kisha rudisha P (ya kuegesha). Ndipo uchomoe stiki ya kupimia hidroliki, uifute, uirudishe, uichomoe tena usome upande wa HOT (ikiwa moto). Wengi wanapima injini imezimwa kama wanavyopima oili, wanadanganyika. Yangu stiki ilitoka karibu kavu. Kumbe sili ya ekseli, inayozuia hidroliki isitoke, ilikuwa inavuja, na mimi kila asubuhi naruka doa jekundu kwenye vumbi la uani nikidhani la bodaboda ya jirani! Nikabadilisha sili, nikajaza aina iliyoandikwa kwenye stiki, ikashika.

Ila hidroliki ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeshaliwa, mafuta mapya hayazirudishi. Ikiwa nyekundu na kiwango kiko sawa, angalia kama taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inawaka na kuzima. Hapo kapime kwa mashine ya kusoma hitilafu kwanza, inaweza kuwa solenoidi tu (vali ya umeme ndani ya gia boksi).

Dondosha tone la hidroliki yako kwenye karatasi nyeupe, upige picha uitupie hapa.